Gunia la Kumi na Moja



Jana usiku dada mmoja wa kanisa alinipigia simu. Anahama Jumamosi hii, na mtoto wake hatembei wala haongei. Aliomba nimwombee, nami nikamwombea. Kisha nikamwambia jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni. Amenisihi niliandike.

Binti yetu mnamjua. Ana mtindio wa ubongo, na wakati ule kifafa kilikuwa kinamsumbua sana. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Mliokuwa Elburgon mnakumbuka. Tuliambiwa ni siku 90, zikaongezwa, ikaenda hivyo hadi 2023. Mashine za mbao zikanyamaza, vijana wa kupakia malori wakabaki vibarazani, na sadaka ikashuka. Simlaumu mtu. Fungu la kumi la mshahara ambao haupo linatoka wapi? Kufikia Mei tulikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba akatupa hadi Jumamosi.

Nyumba ya kwanza tuliyoona, Mama Mchungaji alipofika na mtoto mgongoni, kodi ikapanda hapo hapo. Ya pili tuliambiwa waziwazi kwamba wapangaji wengine wataogopa. Hakulia pale. Alilia nyumbani akiosha vyombo.

Ya tatu nikaenda peke yangu, na sikumtaja mtoto. Naandika hivyo kwa aibu. Mimi ninayewafundisha kwamba kila mtoto ni urithi wa Bwana, nilimficha wangu ili nipate vyumba viwili vya mbao. Na kwa sababu nilikuwa namficha, sikuuliza chochote kinachomhusu. Sikuona kwamba mlangoni kuna ngazi nne, wala kwamba choo kiko ng'ambo ya uwanja wa matope.

Mvua ya mwaka ule mnaijua. Pikapu ilikwama barabarani, tukamalizia kwa mkokoteni. Mtoto tulikuwa tumemwacha kwa jirani tangu asubuhi ili asitusumbue, akaletwa giza likiwa limeingia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tunahama. Kwa kuwa haongei, tulichukulia kwamba haelewi. Nyumba ya zamani ilikuwa karibu na reli, na gari la moshi likipiga honi alikuwa anacheka hadi anapaliwa. Huku juu palikuwa kimya. Alilia hadi sauti ikakauka.

Saa mbili usiku ni wakati wa dawa. Hatukuiona. Saa nane kifafa kikamshika.

Chupa ya mafuta ya upako ilikuwa mfukoni mwangu. Dawa ilikuwa ndani ya gunia moja kati ya magunia kumi na saba. Mimi niliomba kwa sauti kubwa. Mke wangu alimlaza mtoto kwa ubavu, na kifafa kilipoachilia akachukua tochi ya simu, akaanza kufungua magunia na kumwaga kila kitu sakafuni: masufuria, viatu, vitabu vyangu vya mahubiri. Dawa ilikuwa katika gunia la kumi na moja. Mungu alitusikia usiku ule, hilo sitalikana kamwe. Lakini gunia lile nililifunga mimi, kwa haraka.

Kesho yake mtu akatuambia nyumba hiyo ina mapepo. Nikaitikia. Ilikuwa rahisi kusingizia mapepo kuliko kusema nilichofanya.

Miaka mingi nimehubiri habari za Mefiboshethi, na siku zote nilikimbilia 2 Samweli 9, pale anapoketi kwenye meza ya mfalme. Tunapenda meza. Lakini fungua sura ya 4, mstari wa 4. Alikuwa na miaka 5, umri wa binti yangu siku ile. Habari za kufa kwa Sauli na Yonathani zikafika, yaya wake akamchukua akakimbia, na katika haraka hiyo mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Yaya yule hakuwa mwovu. Alikuwa anamwokoa! Halafu soma sura ya 19. Daudi alipomkimbia Absalomu, Mefiboshethi alibaki Yerusalemu. Anaeleza kwamba alitaka kupanda punda aende na mfalme, na mtumishi wake akamdanganya. Watu wakihama, yeye huangushwa au huachwa. Katikati ya hayo kuna safari moja tu ya namna nyingine: Daudi aliuliza yuko wapi, akaambiwa Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, akatuma watu wakamlete.

Kwa hiyo dada yangu nimemwambia hivi. Mpeleke mtoto akaione nyumba kabla ya Jumamosi, hata kwa nusu saa. Mwambie mnahama, mwambie tena, hata kama hajibu. Dawa zikae kwenye mkoba wako begani, usimpe mtu. Kitanda chake kitandikwe kwanza, na blanketi lile lile, usilifue. Kama mnapokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pitia kwa chifu wa huko umjulishe mmefika.

Nanyi wenye ploti mlio kanisani, nawajua kwa majina. Mama akija na mtoto mgongoni, taja kodi ile ile uliyomtajia mwenzake jana. Katiba yetu, kifungu cha 54, imezungumzia heshima ya watu hawa. Msingoje mchungaji awakumbushe.

Jumamosi tunaanza saa mbili asubuhi. Nahitaji pikapu moja, vijana wanne wenye gambuti, na fundi wa kutengeneza mteremko wa mbao mlangoni kabla ya Ijumaa jioni. Mbao ninazo. Nitumieni ujumbe.