Nyumba Isiyo na Bendera

Ndugu msomaji, ukipata siku ya kutembea Mji Mkongwe wa Unguja, fanya jambo moja dogo. Acha kidogo kuitazama milango ya nakshi inayosifiwa na wageni, uinue macho juu uyatazame mapaa na madirisha. Utaona nguo zimeanikwa, na matangi ya maji, na nyaya za umeme. Pengine utaona bendera ya timu ya mpira, Simba au Yanga, au hata ya timu ya Uingereza ambayo mwenye nyumba hajapata kuuona uwanja wake. Ukivuka Darajani kwenda Ng'ambo, utaona bendera za vyama vya siasa zikipepea kwenye maskani wanakokaa watu kuzungumza. Lakini bendera ya taifa juu ya nyumba ya mtu wa kawaida, aliyeitweka kwa hiari yake, hutaiona ila kwa nadra sana. Iko kwenye ofisi, kwenye skuli, kwenye vituo vya polisi. Nyumbani haiko.

Jamaa zetu wanaoishi ng'ambo ya bahari hushangaa kwa jambo hili. Walioko Denmark hutusimulia kwamba nyumba nyingi huko zina mlingoti bustanini, na siku ya kuzaliwa mtoto baba hupandisha bendera ya nchi kana kwamba ni pambo la sherehe. Walioko Norway husimulia juu ya tarehe 17 Mei, watoto wakiandamana kila mmoja na kibendera chake mkononi. Walioko Marekani huona bendera zikining'inia barazani mwa watu mwaka mzima. Basi wakirudi likizo hutuuliza: Je, ninyi hamwipendi nchi yenu?

Swali hili lastahili jibu. Nami nadhani jibu halimo katika kupenda wala kutokupenda. Limo katika mambo ambayo macho ya watu wa visiwa hivi yameyaona juu ya mapaa ya nyumba.

Tuanze na neno lenyewe. Neno bendera tulilipata kwa Wareno, watu waliofika pwani yetu kwa merikebu na mizinga. Baadaye neno hilohilo likawa pia jina la kitambaa chekundu kilichouzwa madukani. Na bendera ya Masultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, haina alama yo yote. Ilipepea juu ya jumba la mwenye enzi na juu ya vyombo vyake baharini. Raia hakuwa na haja nayo nyumbani kwake, maana bendera ilikuwa ikisema jambo moja tu: Hapa anatawala fulani.

Kisha walikuja mabalozi wa nchi za kigeni. Mmarekani alifika mwaka 1837, Mwingereza mwaka 1841, na Mfaransa akafuata. Kila mmoja alipata nyumba karibu na bahari, akatweka bendera ya kwao juu yake. Tangu hapo watu wa mjini walijifunza kwamba kuwa chini ya bendera fulani kwaweza kubadili maisha ya mtu. Mwaka 1860 Balozi Rigby wa Uingereza aliwakataza Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa nchi yake kuwa na watumwa, na watumwa kwa maelfu wakapewa vyeti vya uhuru. Katika mtaa mmoja, basi, mtumwa wa nyumba hii alikuwa huru, na wa nyumba ya pili akabaki mtumwa, kwa sababu mabwana zao walihesabiwa chini ya bendera mbalimbali.

Baharini mambo yalikuwa hivyohivyo. Vyombo vingine vilitweka bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisivipekue kutafuta watumwa. Mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari iitwayo London aliuawa karibu na Pemba alipokikaribia chombo cha namna hiyo. Kitambaa kile kilikuwa kimefanywa pazia la kufunikia dhambi.

Lakini hakuna kisa kinachotufundisha zaidi kuliko kile cha mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme akajitangaza kuwa Sultani. Waingereza hawakumtaka. Wakampa amri kwamba kufika saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera yake na kutoka jumbani. Hakuiteremsha. Manowari zikapiga mizinga, na kabla ya saa moja kutimia watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Mizinga ilinyamaza bendera ya jumba ilipoangushwa.

Naye Khalid alikwenda wapi? Alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani, iliyo mlemle mjini. Waingereza waliweka walinzi nje wakimngoja atoke, lakini mlangoni hawakuingia, maana nyumba ile ilikuwa chini ya bendera ya taifa jingine. Akakaa humo zaidi ya mwezi mzima. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Kijerumani ilisogea hata karibu na nyumba, akaingia pasipo kukanyaga barabara, akapelekwa Dar es Salaam. Hebu fikiri, ndugu msomaji, watu wa Unguja walijifunza nini siku zile. Walijifunza kwamba bendera juu ya nyumba huweza kuleta mizinga, na huweza kuzuia askari. Je, kitu kama hicho mtu atakitundika barazani kama pambo?

Hilo ni somo la kwanza. Somo la pili ni chungu zaidi, maana halikuletwa na wageni. Tulilifanya sisi wenyewe.

Wazee wetu huiita miaka ile zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa mwezi wa Julai 1957. Toka hapo mpaka 1963 visiwa viligawanyika. Watu walisusiana madukani; walisusiana harusini; walisusiana hata mazikoni. Bendera na rangi za vyama zikawa ndizo salamu. Mtu alipopita mtaani aliangalia kwanza nyumba hii ni ya nani kabla ya kubisha hodi. Katika fujo za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68. Watu hao walikuwa majirani, waliopata kuombana chumvi na moto.

Kisha zikafuata siku ambazo bendera zilibadilika upesi kuliko mtu alivyoweza kununua kitambaa. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru, na kwenye ile bendera nyekundu likatiwa duara la kijani lenye karafuu. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na kabla ya mwezi kwisha ikapatikana bendera ya buluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili ukaja Muungano na Tanganyika, na baadaye bendera ya Jamhuri ya Muungano, ambayo rangi yake ya buluu imetoka upande wa Zanzibar. Basi katika muda usiotimia mwaka, mtu wa Unguja aliishi chini ya bendera nne, naye hajahama nyumba yake. Mwenye kuitweka ya kwanza juu ya paa lake, angesema nini ilipokuja ya pili? Na ya tatu je?

Wahenga walisema, bendera hufuata upepo. Methali hiyo hutumika kumcheka mtu asiye na msimamo. Lakini watu wa visiwani waliielewa kwa namna nyingine pia. Bendera na ifuate upepo, ndiyo kazi yake; bali nyumba haifuati upepo. Nyumba ina wazee, ina watoto, ina mgonjwa chumba cha ndani. Upepo ukigeuka, nyumba hubaki palepale.

Nawe utasema: Hayo ni ya kale. La, si ya kale yote. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, bendera zilirudi mitaani. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya siasa, na wengine walikimbia kwa mashua hata Shimoni, Kenya, wakiacha nyumba zao. Mwaka 2009 viongozi wa pande mbili walipeana mikono, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Lakini kupeana mikono kwa wakubwa hakumalizi mambo ya mitaani. Hayo hatuna budi kuyamaliza wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Mfikirie mama mjane katika nyumba ya urithi. Wanawe wawili wanakaa naye, mmoja wa chama hiki na mmoja wa chama kile. Miezi ya uchaguzi ikifika, wa kwanza anapanda juu anatweka bendera ya chama chake. Wa pili anaiona kuwa ni kumtukana, maana paa ni lao wote. Anatafuta bendera yake kubwa zaidi. Wajukuu nao wanaacha kula sahani moja. Mama hana bendera. Ana wana wawili tu. Uchaguzi utapita kwa siku moja, na washindi watakwenda zao Barazani wakae pamoja na walioshindwa, wakinywa chai. Yule mama atabaki na nyumba iliyopasuka. Nyumba za namna hii si za kubuni, msomaji. Wengi wetu twaijua moja.

Kwa hiyo namsihi kila mwenye nyumba: usiipe chama paa lako. Mapenzi ya chama ni haki yako, na maskani ipo, na ofisi ya chama ipo, na siku ya mkutano ipo. Lakini mlango wa nyumba ni wa kila mgeni. Msiba ukikufika, mwenye kulichukua jeneza ni jirani, wala hutamwuliza alipiga kura wapi. Sisi Wakristo wa Unguja tu wachache, nasi twalijua jambo hili kuliko wengi. Majirani zetu Waislamu huja kutupa pole tunapofiwa, nasi huwapelekea chochote wakati wa futari. Kama dini mbili zaweza kukaa ukuta kwa ukuta katika vichochoro vya Mkunazini, itakuwaje rangi za kitambaa zitutenge?

Na bendera ya taifa je? Wako wanaosema kwamba kila nyumba ingeitweka hiyo, za vyama zingeondoka. Nia yao ni njema, lakini sikubaliani nao. Jambo la hiari likigeuzwa kuwa alama ya uaminifu, kesho asiyeitweka ataitwa adui, nasi tutakuwa tumerudi kulekule. Tena bendera ya taifa ina adabu zake. Hupandishwa asubuhi, huteremshwa jioni, haiachwi ichafuke wala ipasuke. Kuiacha juu ya bati mpaka kaskazi na kusi ziifanye matambara si kuiheshimu.

Lakini akitokea jirani anayependa kuitweka kwa adabu zake zote na kwa kufuata sheria, asitiliwe shaka. Na kijana akijifunga nayo mabegani siku Taifa Stars wanapocheza, tusikunje uso. Bendera hiyo si ya chama cho chote. Wafundishe watoto wako maana yake wakiwa wangali wadogo: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, dhahabu ni madini, na buluu ni maji. Waonyeshe pia bendera ya Zanzibar iliyoanza kupepea mwaka 2005, yenye buluu, nyeusi na kijani, nayo imebeba ile ya Muungano katika pembe yake ya juu. Waeleze kwamba katika zote mbili rangi nyeusi ni watu, na watu hao ni pamoja na jirani ambaye leo mmenuniana.

Sasa twaweza kuwajibu jamaa zetu wa Ulaya. Ukipita jioni karibu na kituo cha polisi, saa kumi na mbili, utasikia filimbi. Mwenye baiskeli atashuka. Mchukuzi atasimama na mzigo wake kichwani. Mama aliyetoka sokoni atamshika mtoto mkono asikimbie. Bendera itateremka polepole, nao watatulia mpaka imekunjwa. Hakuna atakayejua nani kati yao ni wa chama gani, wala hakuna atakayeuliza. Kisha kila mtu atakwenda nyumbani kwake kabla giza halijaingia. Heshima hiyo yatutosha, mradi tukifika nyumbani tumfungulie mlango kila abishaye hodi.