Jembe la Mgeni: Wazee wa Ifo na Kazi ya Kujitolea

Waswahili husema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kambi ya Ifo, iliyo karibu na mji mdogo wa Dadaab katika Garissa, ilifunguliwa mwaka 1991, miezi michache baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mjini Mogadishu. Siku ya tatu ya mgeni ilipita zamani. Jembe halikutolewa. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi mkimbizi wa Ifo alizuiwa kutoka kambini bila kibali, na ajira rasmi ilikuwa ndoto kwake. Yule aliyebahatika kufanya kazi katika mashirika ya misaada alilipwa kitu kilichoitwa posho, wala si mshahara. Mwalimu mkimbizi na mwalimu raia wa Kenya waliweza kufundisha katika vyumba viwili vinavyopakana, wakatoka saa moja ile ile, mmoja na mshahara wake na mwingine na posho isiyotosha kiatu na kitabu cha mtoto.

Chini ya huyo mwenye posho kuna kundi jingine ambalo hata posho hiyo halipati. Hili ni kundi la wazee. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na mitano alipovuka mpaka kupitia Liboi mwaka 1991, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, sasa anakaribia sabini. Amezeekea Ifo. Wajukuu wake wamezaliwa Ifo, na baadhi yao wana watoto. Ni yeye anayeitwa usiku wa manane ugomvi unapozuka, maiti inapohitaji kuoshwa au mgeni anapofika bila jamaa.

Ikumbukwe kwamba Ifo ilipangwa kupokea watu wapatao 30,000, na kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Kufikia mwaka wa njaa kuu, 2011, idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilikuwa imepita 400,000. Mji wa ukubwa huo hauwezi kuendeshwa na maafisa wachache wanaolala nyuma ya ua wa seng'enge na kuondoka jioni ikikaribia. Kambi imegawanywa katika mitaa, na mitaa katika vitongoji vidogo vyenye viongozi wao, mwanamume na mwanamke, wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Kuna kamati za maji, za chakula, za usalama na za shule. Nyuma ya kamati hizo, mara nyingi bila cheo wala fulana yenye nembo, wamo wazee.

Chukua mfano wa msiba, kwa kuwa msiba ndio mahali kazi hii huonekana waziwazi. Mtu anapofariki, dini inahimiza mazishi yafanyike haraka. Hapana muda wa kungoja ofisi ifunguliwe. Mwanamke aliyefariki huoshwa na wanawake, na aghalabu wanaoifanya kazi hiyo ni vikongwe wanaojua utaratibu wake wa maji, kafuri na sanda. Wanaume wazima huchimba kaburi katika udongo unaokuwa kama jiwe wakati wa kiangazi na kama ugali wakati wa mvua. Wakati huohuo mzee mmoja au wawili huzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mchango. Wasomali huuita mchango huu qaaraan, na mwenye kuukusanya hana budi kuwa mtu ambaye hakuna anayemshuku. Hapo ndipo umri unapokuwa mtaji. Kijana anaweza kuwa na nguvu na elimu, lakini mkono unaopokea senti za maskini kwa niaba ya maskini mwingine unahitaji kuwa umeonekana ukipokea na kutoa kwa miaka mingi.

Mchango huo huo ndio uliowapokea watu wa 2011. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia mwezi Julai mwaka huo, lakini waliokuwa wakitembea walikuwa wameianza safari kabla ya tangazo. Walifika Ifo wakiwa wamepoteza watoto njiani. Waliketi pembezoni mwa kambi, nje ya mitaa iliyopimwa, katika vibanda vya fito na matambara, wakisubiri kuandikishwa. Kusubiri huko kulichukua majuma. Kabla ya kadi ya mgao kutoka, kilichowafikia kwanza ni kile ambacho wakimbizi wa zamani walikitoa katika mgao wao wenyewe: unga kiasi, nguo, viatu, maji ndani ya dumu la njano. Waliotoa walikuwa wakila kwa kadi. Waliokwenda kuomba kwa niaba ya wageni, msikitini na majumbani, walijua maana ya kufika mahali pasipo na mwenyeji, kwa kuwa walifika hivyo hivyo mwaka 1991.

Neno letu la Kiswahili kwa jambo hili ni kujitolea. Mwanafunzi wa sarufi ataliona kama kitenzi kutoa kilichovishwa kirejeshi na kauli ya kutendea: mtu anajitoa yeye mwenyewe, na anajitoa kwa ajili ya jambo au mtu fulani. Ni neno zuri, lakini limeingia ofisini na kubadilika sura. Katika mipango ya mashirika, mtu wa kujitolea ni yule aliyeandikishwa, akapewa mafunzo ya siku tatu na kutia saini karatasi ya mahudhurio. Kikongwe anayeosha maiti hajaandikishwa popote, kwa hiyo hayumo katika hesabu ya wanaojitolea, ingawa ametoa zaidi. Katika nchi tajiri wazee wengi hujitolea baada ya kustaafu. Wana pensheni, wana muda, na kazi ya hisani huwaepusha na upweke. Mzee wa Ifo hakustaafu kutoka popote. Alikuwa mfugaji, mkulima wa kandokando ya Mto Juba, mwalimu au karani, na kazi hiyo ilikatwa siku moja kama kamba.

Hapa panafaa kukumbukwa jambo ambalo vijana wa kambini wenyewe huenda hawalijui. Mwaka 1972 Somalia iliamua kuandika lugha yake kwa hati za Kilatini, na mwaka 1974 serikali ikafunga shule za sekondari na kuwatuma maelfu ya wanafunzi na walimu vijijini na machungani kuwafundisha watu kusoma. Ukame mkubwa uliingia wakati huohuo, na baadhi ya walimu hao wachanga wakajikuta wakihudumu katika kambi za wafugaji waliopoteza mifugo. Mwanafunzi aliyekuwa na miaka kumi na saba wakati huo leo anakaribia sabini. Kizazi kilichofundisha chini ya miti mwaka 1974 ndicho kizazi cha wazee wa Ifo ya leo. Ukweli ni kwamba kampeni ile haikuwa ya hiari kikamilifu. Kaulimbiu ya wakati huo, iskaa wax u qabso, yaani jitendee mwenyewe, ilitamkwa na dola yenye bunduki. Kenya nayo ilikuwa na Harambee yake, na walioishi enzi hizo wanajua jinsi mchango wa hiari ulivyoweza kukatwa kutoka mshahara bila mtu kuulizwa. Hata hivyo, desturi ya mtu aliyesoma kumwendea asiyesoma alipo haikufa pamoja na dola iliyoilazimisha.

Isidhaniwe kwamba kila litokalo mikononi mwa wazee ni jema. Methali ya kwamba penye wazee haliharibiki neno hukaririwa sana katika hafla, lakini msichana aliyebakwa akienda kutafuta kuni porini huenda akawa na maoni tofauti. Kwa miaka mingi mashauri ya namna hiyo yalimalizwa kwa maslaha, kikao cha wazee wa koo mbili. Ukoo mmoja ulilipa, ukoo mwingine ukapokea, amani kati ya wanaume ikarejea, na msichana akabaki na jeraha lake na aibu isiyokuwa yake. Tangu mwaka 2006 Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono, na kosa hilo ni la mahakama, si la kivuli cha mti. Ni kweli kwamba wazee walijitolea kusuluhisha, tena bila malipo. Lakini utoaji wa mzee unapomgharimu mwingine haki yake, anayetoa hapo ni msichana, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa upande wa wanawake kuna badiliko ambalo halikuja kwa amri peke yake. Ngariba wa kambini walikuwa wanawake wa makamo na wazee, walioheshimiwa na waliolipwa kidogo kwa kazi yao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza ukeketaji wa wasichana, na sheria mahsusi ya kuukomesha ikaja mwaka 2011. Sheria ilianza kusikika vitongojini pale baadhi ya walioshika wembe walipouacha na kwenda wenyewe kuzungumza na kina mama, nyumba moja baada ya nyingine, juu ya birika la chai ya tangawizi. Mwanamke wa aina hii, ambaye watoto wa mtaa mzima humwita ayeeyo, yaani nyanya, husikizwa kwa sababu hazungumzi habari za kuambiwa. Anajua damu ilikuwa kiasi gani. Kwa kuacha wembe amepoteza kipato, na kwa kuzungumza anapoteza baadhi ya mashoga zake. Bado desturi hiyo haijakwisha, na atakayedai imekwisha anawadanganya wafadhili.

Kazi hii ina hatari zake pia. Mwezi Oktoba 2011 wafanyakazi wawili Wahispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa nyara Dadaab, na mashirika mengi yakapunguza mienendo yake kambini. Maji yaliendelea kutoka na wagonjwa wakaendelea kupelekwa hospitali kwa sehemu kubwa kwa sababu wakimbizi wenyewe walishika kazi. Ndipo walipolengwa wao. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2012 viongozi wawili wa wakimbizi waliohusika na usalama wa jamii, mmoja wa Hagadera na mwingine wa Ifo, waliuawa. Mtu akikubali uongozi wa mtaa Ifo baada ya hapo alijua anakubali nini.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Ifo ina jambo jingine la kutafakari. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, na mtoto wa Kisomali husoma Kiswahili tangu darasa la chini. Bibi na babu yake, waliofika wakiwa watu wazima, wengi hawakijui isipokuwa maneno ya sokoni. (Walikuwapo katika kambi za Dadaab wazee waliokuwa na lugha iliyo jirani sana na yetu, Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande za Handeni katika karne ya 19, maelfu ya Wabantu wa Somalia walihamishiwa Kakuma mwaka 2002 na wengi wakapelekwa Marekani.) Hivyo katika mkutano wa afisa wa serikali na wananchi wa kambi, afisa huzungumza Kiswahili, kijana hutafsiri, na mzee hujibu kwa Kisomali kilichojaa methali ambazo kijana huzifupisha kuwa "anasema sawa". Nusu ya hekima hupotelea hapo, kati ya pua na masikio. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zingeweza kuwaandaa wakalimani wa kazi hii, lakini hadi sasa sisi hupenda zaidi kuandika juu ya ukalimani kuliko kukalimani.

Haja ya kuelewana imeongezeka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilifungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi, na tarehe 28 Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi yaliyounganishwa na wenyeji chini ya serikali za kaunti. Jembe, kwa maneno mengine, limeanza kuzungumzwa. Katika mwaka huohuo misaada ya kimataifa ilipunguzwa, mgao wa chakula ukakatwa, na familia zikagawanywa katika makundi kulingana na kiwango cha uhitaji, baadhi zikipata zaidi na nyingine chini. Mzee wa mtaa, ambaye zamani alikusanya mchango kwa wote, sasa huulizwa na jirani kwa nini nyumba ile imepata na hii ikakosa. Yeye hakuwapanga. Lakini ofisi iko mbali na yeye yuko mlangoni.

Wanaokaribia sabini hawatafaidi sana na vibali vya kazi. Mgongo umekwisha pinda, na biashara inahitaji mtaji na macho. Wanachoomba wengine wao ni kidogo na kinaweza kutekelezwa: viti vya wazee, wa kiume na wa kike, katika kamati zitakazoundwa pamoja na wenyeji, mkalimani wa kuaminika, toroli au mkokoteni wa punda wa kubebea maiti wakati barabara za Ifo zinapofurika, kama zilivyofurika Novemba 2006 na tena Novemba 2023, na sanda, ambazo mpaka sasa hununuliwa kwa qaaraan.