Karatasi Isiyo na Tarehe

Maandishi ya zamani huiweka Gwarama katika Wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012, Kibondo ilipogawanywa, kata hiyo imo katika Wilaya ya Kakonko. Vilima havikusogea, yaliyobadilika ni maandishi. Karatasi ya mwaka 2002 isemayo “Gwarama, Kibondo” haisemi uongo, mradi tarehe yake ionekane. Ikifutika tarehe, karatasi hiyo hiyo humpoteza msomaji.

Uzito wa jambo hili niliujua kwa aibu. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Niliwahi kutunga maktaba ndogo katika lugha ya Python, yaani fungu la amri zilizo tayari, ambazo mwingine huziazima katika programu yake. Mpwa wangu, aliyeshika hesabu za kikundi cha wakulima wa maharage huko Gwarama, aliitumia. Nilimchapishia mwongozo, aone njia hata mtandao ukikatika.

Katika toleo la kwanza, amri ya uzito ilitaka idadi ya magunia, nayo ikazidisha kwa 100 kupata kilo. Katika toleo la pili niliona vyema ipewe kilo moja kwa moja. Nikaibadili amri, nikamtumia. Mwongozo nikauahirisha hadi kesho, na kesho hiyo haikufika.

Mpwa wangu akaandika 12, kama karatasi ilivyomwagiza. Programu haikupinga, palipokuwa na magunia 12 ikahesabu kilo 12. Siku ya malipo wazee walimtazama kwa jicho la kumtazamia mwizi. Aliponipigia simu hakunilaumu. Alisema tu, “Mjomba, nimefuata ulivyoandika.” Ningestahimili tusi kuliko neno hilo.

Wala si kwamba njia haikuwapo. Watunzaji wa Python huweka mwongozo wa kila toleo peke yake, namba yake ikionekana, na chini ya amri hutaja toleo ilipoanzia au ilipobadilika. Maktaba mashuhuri ya pandas ilipotaka kuiondoa amri ya append katika majedwali yake, ilionya kwanza katika toleo la 1.4, mwaka 2022, ndipo ikaiondoa katika toleo la 2.0, mwaka 2023. Tena tangu toleo la 2.1, mwaka 2001, Python ina chombo kiitwacho doctest. Huisoma mifano iliyomo katika maelezo, huiendesha, na jibu likitofautiana na lililoandikwa, hutoa taarifa. Kingalinifichulia kosa langu siku ile ile.

Hata hivyo, chombo hicho hupima mifano tu. Sentensi ya kawaida isemayo “andika magunia” hakiwezi kuiendesha. Hiyo yataka jicho la aliyeibadili amri. Kwa hiyo sasa amri na maelezo yake huvibadili katika kikao kimoja. Maana ikigeuka, hugeuza na jina, ili aliye na karatasi ya zamani akataliwe waziwazi, asidanganywe kimyakimya.

Nilisafiri hadi Gwarama nikawaambia wazee kwamba kosa lilikuwa langu. Walinisamehe. Mmoja wao aliomba kuuona mwongozo, akaugeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza, “Hii ni ya lini, mwanangu?”

Sikuwa na la kumjibu. Sikuwa nimeandika.