Fayabaa

Kiwanda cha chai nilichoanzia kazi, nje kidogo ya Litein, kilikuwa kinatumia mafuta mazito. Bei ilipopanda, tanuri likageuzwa la kuni. Hapo ndipo nikazijua fayabaa, zile pau za chuma cha kumimina zinazobeba magogo ya blugamu ndani ya boila huku hewa ikipanda katikati yake.

Pau zilianza kubonyea, na lawama zikaangukia uzito. Mzee wa boila akaagiza nene zaidi, vijana wakakatazwa kurusha magogo. Nene nazo zikabonyea.

Mkaguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Alivuta uzi kutoka ncha hadi ncha ya pau iliyotolewa. Tumbo lake lilikuwa limeshuka vidole viwili, na hapakuwa na ufa hata mmoja. "Wazee wangu," akasema, "chuma hiki kikiwa baridi hakipindi, huvunjika. Kimepinda kwa sababu kimepikwa."

Chuma cha kumimina huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, lakini hakingoji kufika huko. Kikishapita nyuzi 400, chembe zake hupata nguvu ya kuhama, na mzigo uleule kiliouzoea hukisukuma kidogo kidogo, saa baada ya saa. Mwaka 1910, huko London, mwanafizikia Andrade alionyesha jinsi waya zinavyozidi kurefuka chini ya mzigo usiobadilika: mwanzo upesi, kisha taratibu bila kukoma. Mabomba ya boila letu yalipigwa na moto huohuo yasilegee, kwa kuwa maji yaliyapoza. Mvuke wetu haukufika hata nyuzi 200.

Kilichopoza fayabaa ni hewa ya chini, nasi tulikuwa tukiiziba kwa majivu. Tangu siku hiyo majivu yakawa yanazolewa kila zamu, na pau zikaanza kudumu.

Baadaye zikaja pau zenye kromi, ghali lakini zinazostahimili zaidi. Watengenezaji wa injini za ndege wamekwenda mbali kuliko hapo: bapa zao za turbini ni za mchanganyiko wa nikeli, nyingine zikikuzwa kama fuwele moja, maana kwenye joto kali chuma hupenda kuteleza na kuachana pale punje zake zinapokutana.

Hata hivyo, pau ya kromi ikifukiwa majivu itabonyea tu. Pesa zimetununulia muda. Koleo bado lina kazi.