Gari la Mteja ni Amana, na Betri Yake Pia



Sisi ni mawifi wawili. Mmoja wetu amezaliwa Unguja akaolewa huku bara, mwingine ni mwenyeji wa hapa Babati. Wote tuliishia kidato cha nne, tukajifunza cherehani, na duka letu liko Bagara. Tulianza na magauni na sare za shule, tukaja kwenye kava za viti vya magari. Wateja wa kava ndio waliotuuliza, "Dada, na tinti mnaweka?" Tukaenda Arusha kujifunza kwa fundi, tukarudi tukaanza.

Leo tunataka kuwasimulia siku tuliyoaibika, ili aibu yetu imfae mwingine.

Ilikuwa Julai, na Julai Babati asubuhi ni baridi kwelikweli. Mwalimu mmoja alituletea gari lake dogo tuweke tinti vioo vyote. Akasema, "Dada zangu, nitalichukua kesho saa 11 alfajiri. Nampeleka mama kliniki ya macho KCMC, Moshi." Tukamwambia asiwe na wasiwasi.

Tinti haitaki vumbi. Tulifunga banda, tukafungua milango yote ya gari, tukaosha vioo kwa maji ya sabuni. Ukishabandika, unakamua maji kwa raba, unapitisha joto la blowa. Kioo cha mlango lazima ukishushe kidogo ili ukingo wa juu ukae vizuri, kwa hiyo ufunguo ulikuwa kwenye swichi, umewashwa, injini imezimwa. Redio nayo ikiimba kaswida. Tulifanya kazi kuanzia asubuhi hadi Alasiri, tukatoka tukijisifu kwamba hakuna hata povu moja.

Alfajiri mwalimu akaja na mama yake, amevaa kitenge chake kizuri na koti juu. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Mwalimu akazungusha ufunguo. Gari likalia tiki-tiki-tiki, kisha kimya.

Dereva wa lori aliyekuwa ameegesha jirani akajitolea kutubusti. Tulishukuru, waya zikaletwa. Bahati fundi umeme wa magari anayeishi nyuma yetu alisikia kelele, akatoka mbio: "Acheni! Hilo lori ni volti 24!" Malori mengi makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zikawa 24. Ukiupeleka umeme huo kwenye gari dogo la volti 12, unaweza kuunguza vifaa vyake vya umeme. Tulikuwa karibu kugeuza aibu kuwa hasara.

Kulitafuta gari lingine dogo kulituchukua saa nzima na zaidi. Walifika Moshi wamechelewa, mama akapangiwa tarehe nyingine. Tulimrudishia mwalimu fedha yote ya ufundi, lakini fedha hairudishi siku. Jioni tulikwenda kumwomba radhi mama. Alitusikiliza, akasema, "Wanangu, mimi nimeshasamehe. Ila mjue, mtu akikuachia kitu chake, amekuachia na safari yake."

Neno hilo hatujalisahau. Katika dini yetu tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe. Sisi tulidhani amana ni vioo visikwaruzwe na viti visilowe. Kumbe na umeme uliomo ndani ya betri, usioonekana kwa macho, ulikuwa amana.

Yule fundi alikaa nasi akatupigia hesabu. Taa tatu za ndani za wati 5 kila moja zinakula zaidi kidogo ya ampia 1. Kwa saa 8 ni kama ampia-saa 10, na betri ya gari dogo mara nyingi ni ampia-saa 35 hivi ikiwa mpya. Ongeza redio, ongeza swichi iliyoachwa wazi, ongeza betri iliyochoka na baridi ya asubuhi. Haiwaki.

Sasa tuna utaratibu wetu, nasi tunawaachia:

Gari likiingia, tunapima betri kwa mita kabla ya kugusa kitu. Ikiwa imetulia na imejaa, husoma kama volti 12.6. Ikikaribia 12, tunamwambia mteja pale pale na tunaandika kwenye daftari.

Taa za ndani tunazizima kwa swichi yake, zisisubiri mlango. Tunakagua na taa ya buti.

Tunashusha vioo vyote kwa mkupuo mmoja kiasi kinachotakiwa, kisha tunachomoa ufunguo. Ufunguo wa kisasa usioingizwa popote tunauweka mbali na gari.

Redio ya gari hatuwashi, na simu hatuchaji humo. Kaswida tunasikiliza kwenye simu zetu.

Kuchomoa waya wa hasi wa betri kunasaidia, lakini baadhi ya magari hupoteza kumbukumbu za redio na vioo, kwa hiyo tunamwuliza mwenyewe kwanza.

Kazi ikiisha tunapandisha vioo, tunalitoa gari nje na kuliwasha mbele ya mteja. Kamwe hatuachi injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake unaua. Vioo visishushwe kwa siku 3 hivi, tinti ishike.

Na waya za kubusti tunazo zetu. Nyekundu chanya kwa chanya. Nyeusi huanza kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililozima, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kushika cheche.

Mwalimu alirudi baada ya miezi miwili, safari hii kwa ajili ya kava za viti. Mama alikuwa ameshatibiwa, alhamdulillah. Kabla hajatukabidhi ufunguo alicheka, akauliza, "Betri mmepima?"

Tulikuwa tumeshika mita mkononi.