Ngozi ya Mpini

Katika sharika nyingi za Pwani mchezo wa pool una jina baya. Meza huwekwa karibu na baa, vijana hukesha hapo, na mara nyingi anayeshindwa ndiye anayelipia. Viongozi wa serikali nao wamepiga marufuku mara kadhaa kuucheza saa za kazi. Kwa hiyo sikushangaa wazee wa kanisa waliponiletea jina la kijana mmoja wa kwaya, wakitaka asimamishwe kuimba. Alikuwa amenunua fimbo yake mwenyewe ya pool, ya mtumba, na sasa anatafuta ngozi ya kuvalisha mpini. Kwao hiyo ilikuwa dalili kwamba amezama. Niliwaomba wanipe wiki moja.

Kijana huyo amekulia Nyamisati, ambako boti za kwenda Mafia huondokea. Tangu utotoni amesukuma mtumbwi kwa pondo kati ya mikoko ya delta, akimsaidia baba yake kuvua kamba. Mafuriko ya Aprili 2024 yalichukua mpunga wa mama yake, naye akaja Kibiti mjini kutafuta vibarua. Hapa mjini anajulikana kwa jina mahali pawili tu: kwenye kwaya na kwenye ile meza. Tukimwondoa kwaya, itabaki meza.

Tulikwenda pamoja kwa fundi viatu, mzee Mwislamu mwenye kibanda kando ya barabara kuu iendayo Lindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mchungaji. Leo kiatu kimekatika?"

Tukamwonyesha fimbo. Uzi uliozungushwa kwenye mpini ulikuwa umelegea na kuwa mweusi kwa jasho. Mzee akatandaza vipande vitatu: ngozi ya ng'ombe, leza ya plastiki, na ngozi ya mbuzi iliyosindikwa. Kijana akaikimbilia leza kwa sababu inang'aa.

"Mjukuu wangu, fumba macho," mzee akamwambia. "Ngozi ya mpini huchaguliwa kwa kiganja."

Akatufafanulia. Leza hainywi jasho, na kwa joto la huku mkono utateleza. Ukiteleza, mtu hukaza vidole. Ngozi ya ng'ombe aliyokuwa nayo ni nene, ingeunenepesha mpini mpaka uujaze mkono. Ya mbuzi ni nyembamba lakini imara. Ikibandikwa vizuri kwa gundi, mshono ukanyooka na kingo zikalingana na mbao, mkono hutulia wenyewe bila kukamua.

Kijana akafumbua macho. "Ni kweli, babu. Nikiikamua fimbo, mpira unakwenda upande. Ni kama pondo. Likinasa kwenye matope nawe ukaling'ang'ania, linakutoa mtumbwini."

Maneno hayo nilirudi nayo kwenye baraza la wazee, pamoja na habari ya Petro. Matendo 9:43 inasema Petro alikaa siku nyingi Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Kazi ya kushika mizoga ilidharauliwa na Wayahudi wengi walioshika sheria za utakaso. Hata hivyo ni juu ya dari ya nyumba hiyo Petro alipoonyeshwa maono yaliyomfundisha asimwite mtu yeyote najisi. Chuoni Makumira tuliyajadili sana maono yale. Harufu ya nyumba yenyewe niliifikiria kwa mara ya kwanza nikiwa kibandani kwa fundi.

Mzee mmoja akauliza swali la haki: "Mchungaji, tukilegeza mkono, si ataanguka?"

Nilimjibu kwamba kulegeza siyo kuachia. Ngozi huwekwa ili mkono ushike bila kukamua na fimbo isiponyoke. Mungu naye ametushika hivyo. Neema yake haituumizi, wala haituachi.

Tukaelewana. Kijana abaki kwaya, asicheze saa za kazi, asicheze kwa fedha, na mzee mmoja awe anampitia pale mezani jioni moja kila wiki. Aliyejitolea ni yule yule aliyeuliza. Sharti la fedha lilimsumbua kijana, maana marafiki walimcheka, na bado tunaliombea. Lakini anaimba besi, na mzee wake sasa anajua majina ya vijana sita ambao hawajawahi kuingia kanisani kwetu.

Wapendwa, wengi wetu tumewakamua watoto wetu kwa hofu, kisha tunashangaa wanakwenda upande. Hofu ina sababu zake. Njia za vijana wetu zina matope mengi. Lakini kabla ya kukaza vidole, tujiulize kati yetu na wao tumeweka nini: muda, majina, kutembeleana, maombi. Palipo na hayo, mkono mwepesi unatosha kushika.