Utepe wa Buluu na Mlango wa Chuo

Msichana aliyelelewa katika shule za watawa wa Moyo Mtakatifu alitambulikana kwa utepe. Akiwa mdogo alivikwa wa rangi ya waridi. Akikua kidogo, wa kijani. Na siku aliyokubaliwa katika chama cha Wana wa Maria alivikwa utepe wa buluu wenye medali. Utepe huo haukuwa pambo la kumpendezesha. Aliyeuvaa alikuwa ameahidi kusali, kuwa mfano mwema kwa wadogo zake, na kuwatumikia maskini.

Vyama vya namna hiyo vina ukoo mrefu. Mwaka 1563 mwalimu kijana wa Kijesuiti, Jean Leunis, aliwakusanya wanafunzi wake mjini Roma katika udugu wa Bikira Maria. Ajabu ni kwamba udugu huo wa Bikira Maria ulikuwa wa wanaume, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1751. Mjini Paris, mwaka 1833, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Frédéric Ozanam, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alianzisha pamoja na wenzake chama cha kuwatembelea maskini nyumbani kwao, ambacho leo chajulikana ulimwenguni kwa jina la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Sifa wamepewa vijana hao, nao wanastahili. Ila aliyewaonyesha njia za vichochoroni, akawafundisha namna ya kubisha hodi katika nyumba ya mtu mwenye njaa bila ya kumwaibisha, alikuwa mwanamke, Sista Rosalie Rendu.

Mito hiyo miwili, wa sala na wa sadaka, ilikutana katika vyuo vya wanawake vya Kikatoliki nchini Marekani. Baada ya masomo wasichana walishona vitambaa vya altare, walisali rozari, walifundisha watoto katekisimu siku za Jumapili, walikusanya nguo za baridi, na Noeli ilipokaribia walijaza vikapu vya chakula na kuvipeleka kwa wenye shida. Kazi hizo si za kubezwa. Mtoto anayetetemeka kwa baridi haulizi koti limetoka kwa nani. Lakini kikapu kina tabia yake: hutoka juu kikashuka chini, na anayekibeba hurudi jioni alikotoka. Yule aliyekipokea hubaki palepale, wala hapana anayemtazamia kupanda kuja kurudisha salamu.

Chuo kimoja kililazimika kulifikiri jambo hilo, nacho ni Manhattanville, cha mjini New York. Shirika la Moyo Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1800 na Madeleine Sophie Barat, lilifungua shule katika mji huo mwaka 1841. Miaka 6 baadaye shule ilihamia kilimani, upande wa kaskazini, kulikokuwa bado shamba. Mwaka 1917 ikapewa hati ya kuwa chuo cha kutoa digrii. Waliosoma humo wengi walikuwa mabinti wa watu wenye nafasi. Ethel Skakel, ambaye baadaye aliolewa na Robert Kennedy, alihitimu hapo mwaka 1949. Kati ya mwaka ule wa kuhamia na huu wa digrii, na hasa baada yake, mji ulipanda kukifuata kilima. Shamba likawa mitaa, na mitaa ile ikawa Harlem, makao makubwa ya watu Weusi. Basi msichana akifungua dirisha la chumba chake aliwaona jirani zake; akishuka kwa miguu, aliwafikia kabla hajachoka.

Mwaka 1933, dhiki ya uchumi ikiwa imewabana watu wote na Weusi zaidi kuliko wote, wanafunzi wa Manhattanville waliandika maazimio manane kuhusu namna ya kuishi na jirani hao. Yamo yaliyo mepesi, kama lile la kutoa kwa ukarimu kanisani siku za mchango wa misioni za watu Weusi. Hilo ni kikapu kile kile kwa sura nyingine. Yamo makubwa, kama lile la kukiri kwamba mtu Mweusi ni binadamu na raia, anayestahili haki kamili. Lakini lililohitaji ujasiri kuliko yote huenda ni lile lililoonekana dogo: kutomsema mtu Mweusi kwa dharau, wala kumwita kwa majina ya kumdhalilisha. Msichana aliyeahidi hivyo alirudi nyumbani likizoni, akaketi mezani na baba na wajomba zake, akasikia mizaha iliyozoeleka tangu utoto wake. Kutia saini karatasi chuoni ni rahisi. Kunyamaza wakati wengine wanacheka, mbele ya mzee anayekulipia ada, ni jambo jingine.

Maazimio hayo yalisomwa na kusifiwa mbali na kilima chao. Hata hivyo, kati ya yote manane halikuwamo hata moja lililosema kwamba msichana Mweusi aingie chuoni, aketi darasani, ale katika meza moja nao.

Swali hilo lilifika lenyewe mlangoni mwaka 1938, chuo kilipoamua kumpokea mwanafunzi Mweusi wa kwanza. Baadhi ya wahitimu wa zamani walipinga, na barua za malalamiko zikafika. Bila shaka wamo miongoni mwao waliowahi kuvaa utepe wa buluu na kubeba vikapu vya Noeli. Wala si lazima kuwadhania kuwa walikuwa wanafiki. Yawezekana kabisa kwamba waliwapenda maskini wa Harlem kwa moyo mweupe, maadamu maskini hao wamekaa Harlem.

Mkuu wa chuo alikuwa Mama Grace Dammann, mtawa aliyezaliwa Baltimore mwaka 1872, katika jimbo la Maryland ambalo lilikuwa limefuta utumwa miaka 8 tu kabla ya hapo. Hakuwa mgeni wa fikira zile alizopingana nazo. Alikulia katikati yake. Tarehe 31 Mei 1938, wahitimu walipokusanyika chuoni, alisimama mbele yao akatoa hotuba ambayo jina lake kwa lugha yetu laweza kuwa Kanuni dhidi ya Chuki. Hoja yake ilitoka katika mafundisho ambayo wasikilizaji wake wote walikuwa wameyakariri tangu utoto. Ikiwa wabatizwa wote ni viungo vya Mwili wa fumbo wa Kristo, chuo hakiwezi kulifundisha jambo hilo darasani kisha kikalikana mlangoni. Uamuzi haukubadilishwa. Hotuba ilipigwa chapa, ikasomwa na wengi.

Msomaji wa leo huenda akaona jambo hilo dogo, msichana mmoja tu. Na alinganishe miaka. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Louis, cha Wajesuiti, kilifungua mlango kwa watu Weusi mwaka 1944. Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kutenga wanafunzi wa shule za serikali kwa rangi ni kinyume cha katiba mwaka 1954. Manhattanville ilikuwa imetangulia kwa miaka 6 na kwa miaka 16.

Mwaka huo huo wa 1938, chini ya kilima, mwanamke wa Kirusi aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake, Catherine de Hueck, alifungua Nyumba ya Urafiki katika mtaa wa 135. Yeye alikwenda kinyume na kikapu: hakushuka asubuhi akapanda jioni, bali alihamia Harlem akakaa humo. Watu waliojitolea walimsaidia kugawa nguo na kuwatazama watoto, na aliyetaka kumsaidia ilimpasa kwanza akubali kuwa jirani. Katika eneo la nusu saa ya mwendo wa miguu palikuwa na majibu mawili kwa swali moja: mmoja amefungua mlango wake ili jirani apande, na mwingine ameuacha mlango wake ili ashuke kwa jirani.

Mama Dammann alifariki mwaka 1945. Mwaka 1952 chuo kilikiacha kilima na kuhamia Purchase, mahali pa miti na nyasi nje ya mji, na majengo ya zamani yakachukuliwa na chuo cha jiji la New York. Wanaume walianza kupokewa mwaka 1971. Vyama vya sala na sadaka vilihama pamoja na vitabu na madawati, lakini jirani hawakuhama. Tangu hapo msichana wa Manhattanville aliyetaka kwenda Harlem ilimbidi atafute gari au treni.